Maswali ya Wasomaji: Magugu Yanayopanda na Kufanana Kando ya Ziwa

Tangu mvua zianze, barua nyingi zinazofika katika ukurasa huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mmea umepanda juu ya uzio, juu ya mihogo au juu ya mchungwa, jirani mmoja anauita hivi na mwingine vile, na mwenye shamba hajui aung'oe au auache. Nimechagua barua sita, zote kutoka Mwanza na wilaya zake, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu maelezo yake yatawafaa hata walioandika nyingine.

"Bibi Shamba, shikamoo. Nina kiwanja Igombe, hatua chache kutoka ufukweni, na uzio wangu ni wa minyaa. Mmea wenye maua ya zambarau umeufunika uzio wote. Mke wangu anasema ni viazi vitamu vya mwitu na kwamba majani yake yanalika kama matembele. Nimeukata kwa panga mara tatu mwaka huu na kila mara unarudi na nguvu zaidi. Upande wa pili wa uzio kuna mwingine wenye maua kama yale yale, ila majani yake yana umbo la moyo. Je, ni mmea mmoja au miwili, na tunaweza kula?" (Msomaji, Igombe)

Marahaba, ndugu yangu. Ni mimea miwili, na hakuna hata mmoja ulio kiazi, ingawa mke wako hakukosea alipoona undugu. Kiazi kitamu na magugu yako yote mawili ni wa jenasi moja iitwayo Ipomoea, yenye spishi zaidi ya 600 duniani, na karibu zote zina ua la umbo la faneli ambalo petali zake zimeungana kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo ua linakwambia ukoo tu, halikwambii ni nani katika ukoo huo. Isitoshe, ua hilo hufunguka alfajiri na kunyauka kabla ya jua la mchana, na likinyauka hubadilika rangi, kiasi kwamba mtu aliyelitazama saa kumi na mbili asubuhi na aliyelitazama saa sita mchana wanaweza kubishana siku nzima juu ya mmea mmoja na wote wakawa wakweli.

Anza na jani. Chuma jani lililokomaa la ule mmea wa kwanza, ulilaze juu ya kiganja chako na uhesabu vidole vyake. Utakuta vitano, na kila kimoja kimejitenga na mwenzake mpaka pale vinapokutana na kikonyo, bila utando wowote wa jani unaoviunganisha. Vile viwili vya chini mara nyingi vimepasuka tena, na hapo mtu huhesabu saba. Huo ni Ipomoea cairica, uliopewa jina la pili kutokana na mji wa Cairo. Sasa chuma jani la kiazi kitamu la aina ile yenye majani yaliyokatika katika, ulilaze kando yake. Hata aina zilizokatika sana hubakiza sehemu pana ya jani katikati, mfano wa kiganja, ambapo vidole vinaanzia. Kwa ufupi, jani la kiazi lina kiganja, na jani la gugu hili ni vidole vitupu.

Kama bado una shaka, teremsha kidole chako kwenye kikonyo mpaka kinapogusa shina. Kwenye Ipomoea cairica, pembeni mwa kifundo hicho mara nyingi huchipua vijani vidogo sana vyenye vidole vile vile vitano, kana kwamba jani kubwa limezaa mtoto wa sura yake. Kiazi hakina alama hiyo. Shina kuukuu la gugu hili huparuza kwa sababu limejaa vipele vidogo, na mbegu zake, ukizipata, zina nywele ndefu laini kama hariri kwenye kingo.

Mmea wa pili, wenye jani la moyo, unahitaji uvumilivu zaidi, maana spishi kadhaa za bustanini zilizotoroka zina jani hilo hilo. Geuza ua na utazame sepali, yaani yale majani madogo matano ya kijani yanayolishika ua kwa chini. Zikiwa zimechongoka kwa kadiri, na karibu na kitako chake kuna nywele ngumu zinazochoma kidogo ukizipitishia ncha ya kidole, basi ni Ipomoea purpurea, mmea uliotoka Mexico na nchi za jirani yake. Zikiwa na mkia mwembamba mrefu unaozidi sana sehemu pana ya sepali, na jani likielekea kugawanyika mara tatu, hiyo ni Ipomoea nil. Hizi mbili huishi msimu mmoja na kuacha mbegu. Ya tatu, Ipomoea indica, ina sepali zenye nywele laini zilizolala au hazina nywele kabisa, nayo haifi msimu ukiisha: mashina yake hulala chini na kutoa mizizi.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda, ambalo linahitaji macho mazuri tu na mwanga wa asubuhi. Pasua ua kwa ukucha kuanzia mdomoni hadi kitakoni, utafute ule uzi mmoja mweupe uliosimama katikati, ambao kichwani mwake kuna stigma, yaani sehemu inayopokea chavua. Kwenye kiazi kitamu na kwenye Ipomoea cairica, kichwa hicho kina mapande mawili yaliyobanana. Kwenye purpurea, nil na indica kina mapande matatu. Tunda nalo hufuata hesabu hiyo, kwani lenye mapande mawili hubeba mbegu zisizozidi nne na lenye matatu hufikisha sita.

Kuhusu kula, jibu langu ni hapana. Majani ya kiazi ni mboga iliyojaribiwa na vizazi, na katika nchi hii ya michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa, hakuna haja ya kumfundisha mtu thamani ya zao hilo, lakini undugu si ruhusa ya kula. Mbegu za purpurea na nil huharisha vibaya na zina kemikali zinazovuruga akili, kwa hiyo watoto wasiachiwe kuzichezea. Chuma matembele kwenye matuta uliyoyapanda mwenyewe kwa marando, yaani vipande vya shina la kiazi, unayoyajua.

Panga ndilo kosa lako. Ipomoea cairica ina mizizi minene inayohifadhi chakula, na kila kifundo cha shina kinachogusa udongo wenye unyevu kinaweza kuwa mmea mpya, hivyo ukiukatakata na kuacha vipande chini umeupanda upya. Kata mashina yote kwa usawa wa goti, uache yaliyo juu yanyauke yakiwa pale pale kwenye uzio. Usiyavute yangali mabichi, kwa sababu minyaa itakatika, na utomvu wake mweupe ukiruka machoni unaweza kuleta madhara makubwa. Baada ya hapo chimba shina moja moja kwa jembe, ufuate mzizi mpaka mwisho wake, uokote vipande vyote na kuvianika juu ya mwamba mpaka viwe kama kuni. Mwanza Mungu ametujalia mawe ya kutosha kwa kazi hiyo. Rudia kila baada ya wiki tatu hivi, maana vitachipua vilivyobaki. Hao wa msimu mmoja ni rahisi zaidi, unawang'oa kwa mkono kabla tunda halijakauka.

Sishauri kupulizia sumu ya magugu hapo ulipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambao shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira haziruhusiwi, na sumu inayopulizwa leo juu ya uzio huteremka na mvua ya kesho hadi mahali jirani zako wanapochota maji na kutega dagaa. Vilevile, usivitupe vipande mtaroni wala ziwani.

Unaweza kuuliza kwa nini nimelikazania gugu linalopendeza macho. Ni kwa sababu ndugu hawa wa mwitu huwahifadhi fukusi wa viazi vitamu, pamoja na baadhi ya virusi vya zao hilo, katika miezi ambayo shambani hakuna kiazi. Mkulima anapopanda marando safi kandokando ya uzio wa namna hiyo, adui amekwisha kumtangulia.

"Bibi Shamba, pole na kazi. Hapa Kayenze kuna mmea unaoelea ziwani karibu na magugu maji, una maua meupe yenye zambarau ndani. Shangazi yangu huchemsha machipukizi yake. Vijana wanamcheka kwamba anakula magugu maji. Nani ana haki?" (Msomaji, Kayenze)

Nimeshapoa, mwanangu. Shangazi yako ana haki, hali magugu maji. Mmea huo kwa maelezo yako ni mriba wa ziwa, Ipomoea aquatica, ndugu mwingine wa kiazi kitamu, na katika nchi nyingi za Asia ni mboga ya sokoni ya kila siku. Magugu maji, yaliyoanza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, hayana uhusiano nao hata kidogo: vikonyo vyake vimevimba kama mapovu, majani yake ni ya mviringo yenye kung'aa, na maua yake husimama kwa kundi kwenye bua moja, huku petali ya juu ikiwa na doa la njano.

Ukitaka kumwonyesha kijana asiyeamini, kata shina la mriba kwa kisu. Ndani ni tupu kama mrija, na kwa sababu ya hewa hiyo huelea. Kwenye vifundo kuna mizizi inayoning'inia majini, na jani lake limechongoka kama mkuki, tofauti na vidole vya yule wa Igombe. Ukiukata, hutoka utomvu wa maziwa.

Ila shangazi mwambie kwa heshima kwamba mmea wa majini hunywa kile kilichomo majini. Asichume karibu na mifereji ya jiji, wala mahali mto Mirongo unapoingia ziwani baada ya kupita katikati ya Mwanza, na asile mbichi kamwe. Machipukizi ya maji safi, yaliyooshwa na kuchemshwa vizuri, sina sababu ya kumkataza.

"Bibi Shamba, shikamoo. Sisi ni walimu wa shule moja ya msingi Sengerema. Wiki iliyopita wanafunzi waliokuwa wakifyeka ukingo wa uwanja walianza kulia na kujikuna mikono na shingo. Wazee wanasema ni upupu. Sisi tulidhani ule mmea ni fiwi, kwa kuwa una majani matatu matatu na maganda. Tutautambuaje kabla haujatuumiza tena, na tufanye nini mtoto akiguswa?" (Walimu, Sengerema)

Marahaba, walimu wangu, na poleni sana, pamoja na watoto. Barua yenu nimeisoma mara mbili, kwa sababu upupu, ambao kisayansi huitwa Mucuna pruriens, ni mmea ambao kila Mswahili anaujua kwa jina na wachache wanaujua kwa sura, na sababu ya kutoujua kwa sura ni kwamba kwa muda mrefu wa msimu unafanana kabisa na jamii yote ya kunde. Fiwi, kunde, upupu na magugu mengine mengi yana jani lililogawanyika vipande vitatu, yanajisokota kwenye miti na kuzaa maganda. Kabla ya kuzaa, upupu haumwashi mtu kwa kiasi cha kumfanya auogope, na mtoto anayeupita kila siku mwezi wa pili hana sababu ya kuutilia shaka anapoukuta mwezi wa sita.

Angalieni kwanza vile vipande viwili vya pembeni vya jani. Kwenye upupu havina ulinganifu: ukilikunja kipande kimoja katikati kwa kufuata mshipa mkuu, upande wa nje utauzidi upande wa ndani kwa mbali, kana kwamba jani limeshonwa na fundi aliyekosa kipimo. Dalili hiyo inasaidia, lakini peke yake haitoshi, maana hata kwenye kunde na fiwi vipande vya pembeni havilingani sana.

Maua ndiyo yanayomaliza ubishi. Fiwi huyainua maua yake juu kwenye bua lililosimama wima, meupe au ya zambarau hafifu, yenye harufu nzuri, na mtu huyaona akiwa mbali. Upupu huyaning'iniza maua yake chini kwa vishada, kama zabibu, katikati ya majani, na rangi yake ni zambarau nzito inayokaribia weusi. Mkiona kishada cheusi kinachoning'inia kivulini, mmebakiwa na wiki chache za kuukata kwa usalama, na wiki hizo msizipoteze.

Ganda likishatoka hamtahitaji kitabu. Ganda la fiwi ni bapa, limepinda kama mwezi mchanga, ngozi yake ni ya kawaida, na mbegu yake ina mstari mweupe ulioinuka ukingoni unaofanana na mdomo. Ganda la upupu ni nene kiasi, mara nyingi limepinda mara mbili kama herufi S, na lote limevikwa manyoya ya rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu. Jua la asubuhi likiyapiga kwa ubavu yanang'aa kama kitambaa cha mahameli, na nimewahi kumwona mtoto akinyoosha mkono ayapapase kwa uzuri wake. Kila unyoya ni sindano inayokatika kirahisi ndani ya ngozi, yenye protini iitwayo mukunaini na pia serotonini, na vitu hivyo ndivyo vinavyowasha. Ganda likikauka, upepo mdogo tu unatosha kuyapeperusha manyoya, hivyo mtu anaweza kuwashwa bila kuugusa mmea wenyewe, na hilo nadhani ndilo lililowapata wanafunzi wenu walipofyeka.

Mtoto akiguswa, jambo la kwanza ni kumshika mikono asijikune, kwa kuwa kujikuna husukuma manyoya ndani na kuyahamishia usoni. Mvueni nguo zilizoguswa bila kuzikung'uta. Bandikeni selotepu juu ya ngozi inayowasha na kuibandua, mkitumia kipande kipya kila mara, kisha mmwagilieni maji mengi yanayotiririka bila kusugua na bila kufuta kwa taulo. Manyoya yakiingia jichoni, au mtoto akianza kuhema kwa shida, msingoje, mpelekeni kituo cha afya. Nguo zifuliwe peke yake na mtu aliyefunika mikono.

Kazi ya kuufyeka wasipewe wanafunzi. Ifanywe na watu wazima wenye mikono mirefu, asubuhi wakati umande ungali juu ya majani, kwa sababu manyoya yaliyolowa hayaruki. Msiyachome moto maganda makavu, maana joto na upepo vitayatawanya, bali yafukieni. Na nawaomba msiuchukie mmea mzima kwa kosa la manyoya yake. Kuna aina yake iliyopandwa na wakulima kwa miaka mingi ambayo haina manyoya ya kuwasha, nayo hurutubisha udongo na kuyafunika magugu mengine mpaka yafe. Mkiona shamba lililofunikwa na mmea huo, muulizeni mwenye shamba kabla ya kushika panga.

"Bibi Shamba, mimi ni mkulima wa pamba Magu. Kijana wangu alinionyesha kwenye simu makala ya Ulaya kuhusu gugu linalojisokota kwenye mazao, lenye jani kama mshale, ambalo mizizi yake hushuka mita kadhaa ardhini. Shambani kwangu kuna mimea miwili yenye jani kama hilo, mmoja una ua la chungwa lenye jicho jeusi, mwingine una maua madogo meupe. Nimekosa usingizi." (Mkulima, Magu)

Lala, mzee wangu. Gugu la makala hiyo ni Convolvulus arvensis, wa familia ile ile ya viazi vitamu, na sifa zake mbaya ni za kweli: asili yake ni Ulaya na Asia, mizizi yake huweza kupita mita mbili kwenda chini, na mbegu zake hukaa udongoni zaidi ya miaka 20 zikiwa hai. Lakini kwa huo wa chungwa huna haja ya kuuliza zaidi. Ua la chungwa lenye jicho jeusi ni Thunbergia alata, mwenyeji halisi wa Afrika Mashariki, ambao wageni waliupeleka kwenye bustani zao na katika baadhi ya nchi ukageuka kuwa gugu. Kwetu ni mpole, unang'oka kwa mkono.

Hata bila ua ungeutambua kwa namna majani yanavyokaa kwenye shina. Kwenye Thunbergia yanatoka mawili mawili, yakitazamana, na kikonyo cha kila moja kina mabawa membamba pande zote mbili. Kwenye familia nzima ya viazi vitamu, jani hutoka moja upande huu, na linalofuata hutoka juu zaidi upande mwingine. Nakuomba ulishike hili, kwa sababu ni swali la kwanza ninalojiuliza mimi mwenyewe kila niletewapo mmea unaopanda.

Huo wenye maua meupe utazame hivi. Shika bua la ua. Convolvulus arvensis ana vijani viwili vidogo vyembamba katikati ya bua hilo, mbali na ua lenyewe, na stigma yake imegawanyika kuwa nyuzi mbili nyembamba. Ukikuta stigma ni kifundo cha mviringo, umerudi kwa akina Ipomoea. Ukikuta kila kifundo cha shina kimezungushiwa ngozi nyembamba kama pete ya karatasi, na maua ni madogo sana ya kijani na nyeupe yasiyo na umbo la faneli, hiyo ni Fallopia convolvulus, familia nyingine kabisa, yenye mbegu nyeusi za pembe tatu na inayoishi msimu mmoja tu. Na majani yakiwa yanatazamana, huku maua meupe yakiwa ni vijichwa vidogo vingi vilivyosongamana, basi ni Mikania, ambao uko karibu na alizeti kuliko viazi.

Nasisitiza kuutazama na kuugusa mmea kwanza kwa sababu nililipia somo hilo. Mwanzoni mwa kazi yangu nilifika kwa bibi mmoja mjane, nikaona mmea wenye majani ya moyo umepanda juu ya kibanda chake cha kuku, na bila kugusa chochote nikamwambia aung'oe ni gugu. Akaung'oa, kwa kuwa aliyesema ni bibi shamba. Ulikuwa nderema, mboga aliyoitegemea miezi ya kiangazi. Ningelikunja jani moja tu ningelisikia unene wake na kuona ule ute wa kuteleza, wakati ambapo jamaa wa viazi wakivunjwa hutoa utomvu wa maziwa. Nilimrudishia vipandikizi wiki iliyofuata, lakini kiangazi kile alikula mboga ya kununua.

"Nyuzi za manjano zimefunika maua ya uzio wetu Bwiru, hazina jani wala mzizi. Ni kitu gani?" (Msomaji, Bwiru)

Ni Cuscuta, mmea mnyonyaji ambao, pengine utashangaa, nao ni wa familia ya viazi vitamu. Mche wake ukishachipua una siku chache tu za kumpata mwenyeji, kisha mzizi wake hufa na kuanzia hapo hunyonya kila kitu kupitia vifundo vinavyoingia ndani ya shina la mwenzake. Wa pwani huuchanganya na Cassytha, mnyonyaji mwingine wa nyuzi, lakini nyuzi za Cassytha ni ngumu zaidi, zina ukijani, na tunda lake lina nyama na mbegu moja, ilhali la Cuscuta ni kavu. Kuzivuta nyuzi hakusaidii, kwa sababu kipande kilichobaki huendelea kukua. Kateni matawi yote yaliyoshikwa, hata kama uzio utabaki na mapengo, na myachome kabla ya maua kutoa mbegu, kwani hizo hukaa udongoni miaka mingi.

"Kuna mimea miwili inayopanda kwa vikono huku Misungwi, watu wanachuma yote kwa dawa ya sukari. Je, ni mmoja? Na nikitaka kukuletea mmea, je, picha inatosha?" (Msomaji, Misungwi)

Si mmoja. Wenye jani lililokatika kwa vidole vitano hadi saba, ua la njano na tunda lenye mabonde na vipele ni Momordica charantia, ambao wengi mnaujua kwa jina la karela. Wenye jani zima la umbo la moyo, shina lenye madoa meusi, ua la rangi ya maziwa lenye kiini cheusi na harufu mbaya ukilisugua jani ni Momordica foetida. Matunda mabivu ya wote wawili ni ya rangi ya chungwa na hupasuka kuonyesha mbegu zenye utando mwekundu, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kuhusu dawa nina neno moja: karela inaweza kushusha sukari, kwa hiyo mgonjwa anayemeza vidonge vya hospitali asiiongeze bila daktari wake kujua, kwani sukari ikishuka kupita kiasi huua upesi kuliko ikipanda.

Picha inatosha mara chache. Niletee kipande cha shina chenye vifundo visivyopungua vitatu, majani ya chini na ya juu, ua, tunda kama lipo, na mzizi kama unaweza kuuchimba. Vitandaze katikati ya kurasa za gazeti, jani moja likiwa limegeuzwa ili upande wa nyuma uonekane, uweke jiwe juu yake na ubadilishe gazeti kila siku kwa wiki moja. Pembeni andika mahali ulipouchuma, tarehe, ulikuwa umepanda juu ya nini, na rangi ya ua lilipokuwa bichi, kwa sababu likishakauka zambarau na waridi huwa rangi moja.